Émérence Kaomba, Mwanafunzi Aliyewapeleka Viziwi Mtihanini

Wasikilizaji wapendwa, jambo kwenu wote, mlioko hapa Kalemie, na ninyi wa Nyunzu kwenye reli, wa Kongolo, wa Zongwe na wa Moba. Mimi ni Hubert Mulongo. Leo nimekaa studioni na wageni watatu, na nitawajulisha kwenu kila mmoja akifika zamu yake.

Mama Émérence Kaomba amefariki. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake Kataki, akiwa amepita miaka themanini. Wengi wenu mlimjua kama mwalimu wa viziwi. Wengine aliwafundisha ninyi wenyewe, wengine aliwafundisha watoto wenu. Lakini leo sitaki kuanzia kwenye uzee wake. Nataka kuwaeleza habari za msichana wa shule ya walimu. Hakuwa na diploma. Hakuwa na biro, yaani ofisi. Hakuwa na mkubwa wa kumsemea. Na bado alibadilisha sheria ya shule katika jimbo zima. Alianza mwaka 1961. Alishinda mwaka 1965. Na muda huo wote, wasikilizaji wapendwa, alikuwa mwanafunzi.

Alizaliwa Zongwe, katika nyumba ya wavuvi wa ndakala, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa na kaka aliyemtangulia, Félicien, na mdogo wake wa kike, Marceline. Félicien aliugua surua akiwa mdogo. Homa ilimtoka, akapona, akarudi kucheza. Ni mama yake aliyegundua kwamba akimwita kwa nyuma, hageuki.

Mama Marceline yuko hapa nami. Ndiye aliyebaki peke yake katika watoto wa nyumba ile. Nilimwuliza walikuwa wanaongea namna gani na kaka yao.

"Kwa mikono," alisema. "Sisi tuliongea na mikono mbele ya kujua kama watu wengine hawaongei hivyo. Ndakala ilikuwa hivi, vidole vinachezacheza. Baba, mukono kwenye ndevu. Mvua, njaa, muzungu, vyote vilikuwa na alama yake. Na Félicien alikuwa muchekeshaji. Alikuwa anatuigia padri anavyopanda pikipiki, mpaka mama anaacha kusonga bukari kwa kucheka."

Félicien alipelekwa shule ya misheni asubuhi, akarudishwa mchana wa siku ile ile. Mwalimu alimwambia mama: mtoto hawezi kujibu. Baadaye Émérence alipoanza darasa la kwanza, Félicien alikuwa anamngoja njiani amwonyeshe alichosoma, naye anamchorea herufi mchangani. Lakini herufi za mchangani, mbele ya watu wanaopita na mbuzi wanaopita, hazimfikishi mtu mbali. Félicien alikua bila kujua kuandika hata jina lake.

"Hakuwa mujinga," alisema Mama Marceline. "Walimufungia inje."

Mwaka 1960 Émérence alipanda mashua kuja huku mjini. Mji wetu ulikuwa bado unaitwa Albertville. Ulikuwa mwaka wa uhuru. Walimu wengi wa Kibelgiji walikuwa wameondoka, shule zilikuwa zinatafuta walimu, na Masista walikuwa wanapokea wasichana katika shule ya walimu. Émérence alikuwa na miaka kumi na sita. Pale ufukoni mama yake alimwambia neno moja: "Soma vizuri, na usimusahau yule anayebaki." Félicien alikuwa amesimama hapo hapo, amembebea sanduku.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike mwaka 1961.

Mwezi wa tisa wanafunzi wa shule ya walimu walipelekwa katika shule za msingi kuangalia walimu wanavyofundisha. Émérence alitumwa kwenye shule moja hapa mjini, ambayo jina lake silitaji, kwa sababu mambo yale yalikuwa yanatendeka katika shule zote. Ilikuwa asubuhi ya kuandikisha watoto. Akaingia mama mmoja kutoka kampi ya reli, Mama Clémentine, mke wa fundi wa treni. Alikuwa amemshika mkono mtoto wake, Ngoy, mwenye miaka tisa, amemvalisha shati lililopigwa pasi.

Direkta, mkuu wa shule, alipowaona, alishusha kalamu.

"Mama Clémentine, nilikuambia mwaka jana. Nilikuambia mwaka juzi. Huyu mutoto hasikie. Nikimwita, hajibu. Nitamuandika namna gani?"

"Direkta, iko na akili."

"Sikatae. Lakini akili inaingilia kwenye masikio."

Mama Clémentine hakubishana. Aligeuka na mtoto wake. Lakini Émérence, aliyekuwa amesimama kando ya ubao, alikuwa ameona kitu. Wakati wakubwa wanaongea, Ngoy alikuwa anaangalia herufi ubaoni, na kidole chake kilikuwa kinaziandika juu ya paja. Moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wake.

Émérence alitoka mbio. Aliwapata karibu na reli.

"Mama, ngoja."

"Wewe njo nani?"

"Niko mwanafunzi tu. Lakini niko na kaka kama huyu."

"Na kaka yako alisoma?"

"Hapana, mama. Njo sababu nimekukimbilia."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jumamosi mchana na Jumapili baada ya misa, Émérence alikuwa anaenda kampi ya reli, barazani kwa Mama Clémentine, na kipande cha ubao kilichookotwa. Alianza na mikono ya Zongwe. Alimfundisha Ngoy alama za nyumbani kwao, Ngoy naye akaongeza za kwake. Walipeana majina. Ngoy ana kovu juu ya jicho la kushoto, basi jina lake likawa kidole kinachopita juu ya nyusi. Mama Clémentine alikaa pale pale, akichambua majani ya sombe, akajifunza pamoja na mtoto wake. Hakujua kusoma. Lakini mikono alishika upesi kuliko wote.

Neno la kwanza lilichelewa. Émérence aliandika, akaonyesha, akafuta, akaandika tena. Ngoy alinakili vizuri, ila hakujua kwamba zile herufi zinasema kitu. Papa Ngoy mwenyewe yuko hapa studioni. Ni mzee sasa, alifanya kazi maisha yake yote katika karakana ya meli bandarini. Anaongea kwa mikono, na binti yake, Emilie, anatutolea sauti. Sikilizeni alivyosema:

"Mimi treni nilikuwa naisikia kwa miguu. Udongo wa kampi unatetemeka kabla treni haijaonekana. Siku ile mwalimu aliandika neno ubaoni, akaniketisha chini, akanivua viatu. Tukangoja. Udongo ukaanza kutetemeka. Mwalimu akapiga kidole kwenye neno. Treni ikapita. Akapiga kidole tena kwenye neno. Nikaelewa. Niliinuka nikaenda kugusa kila kitu ndani ya nyumba ya mama, mutungi, kitanda, mulango, nikamuonyesha ubao: andika, andika na hiki, andika na kile."

Papa Ngoy alipomaliza kueleza hayo alicheka, na mikono yake ilikuwa bado inaonyesha: andika, andika.

Habari zilienea. Karani mmoja wa bandari alimleta binti yake, Lucie, naye kiziwi. Wakaja na wengine. Baraza likajaa. Na habari zikafika kwa Masista. Sista mkuu akamwita Émérence.

"Mwanafunzi hana ruhusa ya kufungua shule."

"Sikufungua shule, Sista. Nilifungua baraza."

"Nikikukataza?"

"Nitasikitika, Sista. Lakini Jumamosi nitaenda."

Kwa neno hilo angeweza kurudishwa Zongwe kwa mashua ya kwanza. Wenzake walikuwa wamekwisha kumfungia sanduku. Sista mkuu akasema, "Jumamosi tutaenda wote." Akaenda. Alikaa barazani kwa Mama Clémentine mpaka masomo yakaisha. Hakutoa hotuba. Aliporudi, alimpa Émérence boksi la chaki, akamwambia: siku alama zako za masomo zikishuka, baraza litafungwa. Alama hazikushuka.

Wasikilizaji wapendwa, mtu mwingine angetosheka hapo. Émérence hakutosheka. Mama Marceline anakumbuka maneno yake aliporudi Zongwe likizoni: "Baraza si shule. Mimi nikiondoka, baraza linakufa. Nataka sheria." Nyumbani walimcheka kidogo. Msichana wa shule anataka sheria.

Mwaka 1963 alimwendea enspekta wa shule, Papa Edouard. Alikuwa mtu mkali, anayeogopwa na walimu wote kuanzia hapa mpaka Nyunzu. Émérence alimngoja mbele ya biro yake tangu asubuhi mpaka alipotoka kwenda kula.

"Unataka nini, binti?"

"Nataka watoto viziwi waingie darasani pamoja na wengine, Papa."

"Waingie. Na siku ya mtihani wa sertifika, dikte wataifanya namna gani? Dikte inasomwa kwa sauti, mutoto anaandika anachosikia. Sheria inasema hivyo."

"Wasomewe kwa mikono."

"Sheria haijui mikono."

"Basi sheria haikuwafikiria, Papa."

Papa Edouard aliangalia saa yake. Kisha akasema maneno ambayo Émérence aliyarudia mpaka uzeeni. "Sitabadilisha sheria kwa sababu ya huruma. Huruma inaisha. Niletee mutoto mumoja aliyepita mutihani uleule wanaofanya wengine, njo nitapeleka jambo lako juu."

Mtu mwingine angesikia kwamba amekataliwa. Émérence alisikia ahadi.

Halafu ukaja mwaka 1964. Wazee mnakumbuka. Vita viliingia mjini, mji ukatekwa na hawa, kisha na wale, shule zikafungwa. Mwaka ule kila njia ilikuwa na bariera, na kila bariera ilikuwa na askari anayepiga kelele: simama. Asiyesimama, alijua kitakachompata. Sasa fikirieni mtoto asiyesikia neno simama.

Mchana mmoja Ngoy alikuwa anatoka ziwani na ndoo ya maji kichwani. Walikuwa wameweka bariera mpya kwenye njia ya reli, mahali ambapo asubuhi hapakuwa na kitu. Askari akapiga kelele. Ngoy anakuja. Askari akapiga kelele tena, akainua bunduki. Ngoy anakuja, anaangalia maji yasimwagike.

Émérence alikuwa upande wa pili wa bariera, nyuma ya askari, anatoka kumjulia hali Mama Clémentine. Alivua kitambaa cha kichwa, akakipeperusha juu. Ngoy akainua macho. Émérence akampa alama moja. Mtoto akashusha ndoo, akakaa chini katikati ya njia.

Askari akageuka, bunduki sasa inamwelekea Émérence.

"Umemuambia nini?"

"Nimemuambia akae, Papa. Hasikie. Ni mwanafunzi wangu."

"Unadanganya. Muambie asimame."

Émérence akafanya alama. Ngoy akasimama.

"Muambie ainue mikono."

Ngoy akainua mikono.

Askari akaongeza: "Muambie acheke."

Papa Ngoy anasema hakuwa na hamu ya kucheka hata kidogo. Lakini mwalimu wake alifanya ile ya padri anayepanda pikipiki, ile ya Félicien wa Zongwe. Pale barabarani, mbele ya bunduki. Na Ngoy akacheka. Askari akashusha bunduki, akasema, "Piteni."

Direkta wa ile shule, yule aliyesema akili inaingilia kwenye masikio, nyumba yake ilikuwa inatazama njia ile. Aliona yote kutoka dirishani. Shule zilipofunguliwa tena, Émérence alikwenda kwake na watoto wa baraza, tayari kubishana. Hakubishana. Direkta alikuwa na kalamu mkononi. Akauliza, "Huyu wa kwanza anaitwa nani?" Émérence akajibu. Direkta akasema, "Hapana. Nionyeshe." Émérence akapitisha kidole juu ya nyusi. Direkta naye akapitisha kidole chake juu ya nyusi, akimwangalia mtoto. Ngoy akajibu kwa kuinua mkono. Akaandikwa.

Aliwekwa darasa la sita, maana barazani alikuwa amekwisha kupita hayo mengine. Ilipofika nusu ya mwaka, darasa zima lilikuwa linaongea kwa mikono. Lilikuwa linaongea hata wakati mwalimu anafundisha, na hilo ndilo lililowapendeza zaidi.

Mwaka 1965, wasikilizaji wapendwa, mwalimu na mwanafunzi walikabili mtihani mwaka mmoja. Émérence alikuwa anatafuta diploma yake, iliyocheleweshwa na vita. Ngoy alikuwa anatafuta sertifika ya shule ya msingi. Siku ya dikte, Papa Edouard alikuja mwenyewe.

"Nani atamusomea kwa mikono?" akauliza. "Si wewe. Wewe utamupa herufi, na watu watasema umemuibia mutihani."

Émérence alikuwa amelitazamia swali hilo tangu zamani.

"Si mimi, Papa. Mama yake."

"Mama yake anajua kuandika?"

"Hajui hata herufi moja. Anajua mikono tu. Hawezi kumuibia kitu asichokuwa nacho."

Papa Edouard alikubali. Émérence akaambiwa atoke, asimame mbali na madirisha. Mama Clémentine, aliyerudishwa mlangoni mwa shule ile mara tatu, akaingia, akasimama mbele ya darasa na kitenge chake cha Jumapili. Papa Edouard akasoma dikte ya Kiswahili kwa sauti, sentensi kwa sentensi. Watoto wengine waliandika kwa kusikia. Ngoy aliandika kwa kuangalia mikono ya mama yake. Papa Ngoy anasema mikono ile ilikwenda polepole kwenye sentensi ya kwanza tu. Baada ya hapo ilikuwa kama yuko barazani anamtuma mtoto dukani.

Matokeo yalisomwa uwanjani, wazazi wote wapo. Walikuwa wanasoma majina ya waliopita. Émérence alisimama nyuma na Mama Clémentine, wameshikana mikono. Jina la Ngoy likasomwa. Ngoy hakusikia. Alikuwa anaangalia njiwa juu ya bati. Halafu akaona kitu. Darasa zima limegeuka kumwangalia, na kila mmoja amepitisha kidole juu ya nyusi. Direkta pia. Papa Edouard naye, mkono wake mwingine umeshika karatasi ya matokeo, kidole juu ya nyusi.

"Nilijua nimepita," anasema Papa Ngoy, "na nilijua mama yangu amepita."

Papa Edouard alitimiza neno lake. Alipeleka jambo juu, akalisemea mwenyewe. Kabla mwaka 1965 haujaisha, shule za jimbo zilipata agizo: mtoto asirudishwe kwa sababu hasikii, wala kwa sababu haoni. Mtihani umfuate mtoto kwa njia anayoielewa. Na wanafunzi wa shule ya walimu wajifunze kufundisha watoto hao. Mwaka ule ule Émérence alipata diploma yake, akapewa darasa. Lucie, binti wa karani, alikuwa amekaa mbele.

Noeli ya mwaka ule alirudi Zongwe. Mama Marceline anasema hakupumzika. Kila asubuhi alikaa na Félicien, aliyekuwa sasa mtu mzima mwenye mke na mtumbwi, akamfundisha. Alipokuwa anarudi mjini, Félicien alimsindikiza ufukoni. Ubavuni mwa mtumbwi wake, kwa rangi nyeupe, alikuwa ameandika mwenyewe: FÉLICIEN. "Herufi zilikuwa zimepindapinda," anasema Mama Marceline. "Alizitembelea kama muntu anatembelea shamba. Kila aliyepita, Félicien alimushika mukono, akamuleta aone."

Wasikilizaji wapendwa, Mama Émérence alifundisha miaka mingi baada ya hapo, na yote hayo yanastahili kuelezwa. Lakini kazi kubwa aliifanya akiwa mwanafunzi. Nasema tena: akiwa mwanafunzi. Ninyi vijana mnaosoma sasa, mnaosema mngoje kwanza diploma, mngoje kwanza cheo, fikirini jambo hilo. Na ninyi wazazi ambao mtoto wenu amebaki nyumbani kwa sababu mmoja alisema hawezi, kamuulizeni mtu wa pili.

Kwako Mama Marceline, kwa watoto na wajukuu wa marehemu, kwa Papa Ngoy na familia yake, kwa watu wote wa Zongwe, sisi wa redio tunawapa pole. Mmempoteza dada na mama. Mji umempoteza mwalimu. Mungu awatie nguvu.

Maziko ni kesho, baada ya misa ya saa tatu asubuhi. Watakuja viziwi wengi, kutoka Kongolo na kutoka Moba, na wengine hawajawahi kufika Kalemie. Nawaomba kitu kimoja. Mkikutana nao njiani, msiwapigie kelele. Waguseni bega, waangalieni usoni, na muwaonyeshe njia ya kanisani.